Picha ya kweli, habari ya uongo: Kurosawa na magazeti ya udaku ya Tokyo

Ukimtaja Akira Kurosawa, yule mwongozaji filamu wa Kijapani, watu akili inaenda moja kwa moja kwa masamurai, mvua na mapanga, ndo maana filamu yake ya 1950 iitwayo Shubun, yaani skendo, huwa inarukwa tu. Ilitoka mwaka uleule na Rashomon, filamu yake nyingine, na Rashomon ikaenda tamasha la filamu la Venice 1951 ikabeba tuzo kubwa, basi dunia nzima ikaongelea hiyo. Mi naitetea Shubun, na naitetea hasa kwa kile kitu ambacho wengi wanasema ndo udhaifu wake.

Kisa chenyewe kiko hivi. Ichiro Aoye ni mchoraji (anaigiza Toshiro Mifune, bado kijana kabisa), yuko milimani na pikipiki yake anachora. Anatokea mwimbaji maarufu, Miyako Saijo, basi limemwacha, na kumbe wote wanafikia sehemu moja, kwa hiyo anampakia. Baadaye anaenda kumsalimia chumbani kwake, wanasimama barazani wanaangalia milima. Hamna zaidi ya hapo. Ila wapiga picha wa jarida la Amour walishakataliwa na Miyako na wana hasira, wanawanasa kwa mbali, na mhariri wao Hori akiiona tu ile picha anajua hapa kuna hela. Mapenzi yanatungwa palepale ofisini, mabango yanajaa Tokyo.

Kinachonikereketa ni kwamba picha haikuwa feki. Hakuna aliyeichezea. Uongo wote uko kwenye maneno waliyoyaweka pembeni yake, sasa we hapo kanusha, utakanusha nini, kwamba hukusimama barazani? Ulisimama. Kwamba hukumpakia kwenye pikipiki? Ulimpakia, na watu walikuona. Kila unachokubali kinageuka ushahidi dhidi yako, na ukinyamaza wanasema si unaona, kanyamaza. Aoye anaenda kumtandika Hori ngumi, nayo inakuwa habari nyingine, gazeti linazidi kuuza. Sisi tuliokua na magazeti ya udaku na sasa tunaishi na skrinshoti za WhatsApp hatuhitaji kufafanuliwa hilo.

Kurosawa mwenyewe alieleza kwenye kumbukumbu za maisha yake kwamba wazo alilipata kwenye treni, aliona tangazo la jarida limeandika mambo ya aibu kuhusu ubikira wa mwanamke maarufu, akakasirika sana. Kumbuka Japani wakati ule iko chini ya Wamarekani, udhibiti wa serikali ya vita umeondoka, katiba mpya ya 1947 inalinda uhuru wa kusema, na majarida ya umbea yameota kila kona. Yeye aliona huo sio uhuru wa kusema, ni ukatili wa wenye silaha ya kutangaza dhidi ya mtu asiyekuwa nayo. Nakubaliana naye bila kupunguza neno.

Sasa tuje kwa wakili, maana Aoye anaamua kulishtaki lile jarida. Hiruta, anaigiza Takashi Shimura, anajileta mwenyewe kwa Aoye akitaka kumsimamia hiyo kesi, mzee mchovu, mnywaji, hela zake zinaishia kwenye kamari ya mbio za baiskeli. Nyumbani ana binti, Masako, anaumwa kifua kikuu na amelala kitandani miaka. Aoye anamwajiri kwa sababu ya yule binti, anasema baba wa mtoto kama yule hawezi kuwa mbaya. Na Hiruta anaenda kuchukua hongo ya Hori, hundi ya yen 100,000, halafu anaingia mahakamani kumtetea mteja ambaye ameshamuuza.

Wengi wanalalamika kwamba hapo filamu imepotea njia, ilianza na magazeti ikaishia kwa mlevi anayelia baa. Mi nasema hapana jamani. Ile kesi isingeshindwa wala kushinda kwa ushahidi, maana ushahidi wa kwamba hukufanya kitu unautoa wapi? Wakili wa upande wa pili, Kataoka, ni msomi mwenye heshima zake na anaongea vizuri, Aoye yeye ana ukweli tu, na ukweli wake unasikika kama hadithi ya mtoto. Aliyebaki wa kuuvunja uongo ni mtu aliyekula nao sahani moja. Kwa hiyo Kurosawa alivyomfuata Hiruta nyumbani kwake, baa, na kwenye ile Krismasi ambayo Aoye anamletea Masako mti kwa pikipiki, hakupotea, alikuwa anatafuta haki itatokea mlango gani.

Masako anakufa kabla ya hukumu. Ndo Hiruta anasimama siku ya mwisho anasema alihongwa, anaonyesha ile hundi, na anajua kabisa uwakili wake umeishia hapo. Hamna mtu atakayempongeza nyumbani.

Ila kuna jambo moja sikubaliani nalo. Miyako hana nafasi. Yeye ndo mwenye jina la kupoteza, mwanamke, mwimbaji, lakini filamu inampa kuimba na kuhuzunika. Na aliyeigiza ni Yoshiko Yamaguchi! Mjapani aliyezaliwa Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, wakati wa vita akauzwa kwa watazamaji kama Mchina aitwaye Li Xianglan, vita vilipoisha akakamatwa Shanghai kwa tuhuma za kuisaliti China, akaponea kwenye karatasi za familia zilizothibitisha kwamba ni Mjapani. Baadaye akawa mtangazaji, na kuanzia 1974 mbunge. Pale seti hakuna aliyejua kuliko yeye inavyokuwa watu wakikuandikia maisha yasiyo yako, na mi ningetoa nusu ya vile vilio vya baa ili yeye aongee kizimbani dakika kumi tu.