Pikapu Inayokataa kwa Kichwa

Nyie wenye Vitz na IST, haya si yenu, endeleeni kunywa chai. Magari yenu kila tairi la mbele lina maisha yake: la kushoto likiingia shimoni, la kulia linaendelea na safari kana kwamba halijasikia msiba. Mimi nina Land Cruiser pikapu, ile mkonga ya kubebea mizigo. Huku mbele matairi yote mawili yameshikwa na ekseli moja nzima, chuma kimoja kutoka kushoto mpaka kulia. Mmoja akijikwaa, wote wanachechemea. Ndiyo maana gari hili linapita porini na lumbesa mgongoni wakati nyie mnaomba trekta, kwa hiyo chuma chenyewe sikilaumu. Nawalaumu watu.

Ugonjwa wenyewe, mtikisiko wa usukani, unakuja hivi. Umetoka Ruaha Mbuyuni na vitunguu, lami imenyooka, uko kwenye themanini, roho imetulia mpaka unaanza kupiga hesabu za faida. Mara unakanyaga kiraka cha lami, au zile rasta za kuingilia kijijini. Tairi moja tu likigusa vibaya inatosha. Usukani unaanza kukataa kwa kichwa: kushoto, kulia, kushoto, kulia, kwa kasi ambayo mikono haiifuati. Simu inaruka, dashibodi inagonga meno, redio inajihamisha stesheni. Utingo wangu, kijana ambaye sijawahi kumwona kwenye ibada yoyote, anawataja mitume wa dini zote mbili bila kubagua.

Na hautulii wenyewe, hilo ndilo baya. Tairi la kushoto linalisukuma la kulia kupitia tairodi, ile fimbo inayoyaunganisha, la kulia linarudisha, kila mmoja anamlipa mwenzake na riba juu. Ukiendelea kukanyaga mafuta, deni linakua. Mpaka mwendo ushuke sana, hamsini, arobaini, ndipo wanasameheana. Nasikia watu wanashauri eti funga breki kwa nguvu. Mtu akikushauri hivyo muulize kama ana mgao kwenye gereji ya kunyoosha bodi. Unaachia mafuta, unashika usukani bila kushindana nao mieleka, unaliacha gari lipungue taratibu. Mimi ulinikuta Mikumi, ndani ya hifadhi kabisa. Nyani wa pale wamezoea kutazama wasafiri wakitupa maganda ya ndizi. Siku ile waliacha kula.

Basi ukifika mjini ndipo unagundua nchi hii ina mafundi wengi kuliko magari. Muuza genge fundi. Kinyozi fundi. Mchungaji ana maoni kuhusu beringi. Fundi tairi anakwambia upepo umezidi, anapunguza, anakunja noti. Unakwenda mita chache mwingine anakwambia upepo umepungua. Nikabadilisha matairi ya mbele, mapya, yananukia duka. Nikafanya wilo balansi, wakabandika vyuma kwenye rimu mpaka tairi likawa limevaa hereni. Ndiyo, tairi lisilo na balansi linaweza kuamsha mtikisiko, sikatai. Lakini linauamsha tu. Aliyelala ni mwingine, na hakuna aliyetaka kuinama kumtazama.

Kisha kuna mabwana wa wilo alaimenti. Hawa nawaheshimu kwa sababu wana kompyuta. Gari linapandishwa, vioo vinafungwa kwenye magurudumu, karatasi inatoka na rangi zake, kijani huku, nyekundu kule. Nikauliza, mbona hizi nyekundu zimebaki? Kijana akasema, "Hizo ni za kiwandani, mzee." Alivyosema utadhani kiwandani wana chumba maalumu cha kuweka makosa. Ukweli ni kwamba kwenye ekseli nzima ya namna hii kinachorekebishwa pale kirahisi ni kimoja tu, matairi yatazame ndani au nje kiasi gani, kwa kuzungusha tairodi. Pembe nyingine zimekaa ndani ya chuma chenyewe. Ukitaka kuzihamisha unabadilisha bushi, ile mipira ya kwenye viungo, au unaweka vipande maalumu. Angesema hivyo ningemlipa kwa furaha. Kaniambia kiwandani.

Sasa tumfikie kiongozi wa wote, muuza spea. Huyu hajaliona gari, hajui hata rangi yake, lakini dawa anayo. "Bosi, hiyo ni shokapu ya usukani." Shokapu ya usukani ni kile kijibomba kilicholala mbele, kazi yake kumeza mapigo yasifike mikononi. Akanitolea ya Japani orijino, kwenye boksi ambalo neno Japani lilikuwa na herufi moja imepotea. Nikafunga. Na balaa ni kwamba inafanya kazi! Mtikisiko ukaisha, nikapita rasta nikiimba, nikamsifia yule bwana mpaka kwa watu nisiowajua. Haikupita muda mrefu shokapu ikachoka, mambo yakarudi yaleyale na hasira ya kusubirishwa. Nikamrudia. Akasema, "Basi hiyo ilikuwa batchi mbaya, chukua hii nyingine." Nyingine! Kumbe kile kijibomba kimewekwa kumeza mapigo ya kawaida ya barabara, nacho kilikuwa kinameza ugonjwa mzima peke yake, mpaka tumbo likapasuka.

Shemeji yangu yupo Texas, nikampigia kumlilia. Akacheka. Anasema huko nako watu wenye Ford F-250, Ram 2500 na Jeep Wrangler wanaujua, tena wenyewe wameupa jina la kifo. Ekseli nzima mbele, springi za mviringo, habari ileile. Na wao wanakimbilia shokapu ya usukani kwanza. Nilifarijika kidogo, nisiwe mnafiki. Kumbe hata watu wenye barabara za njia sita wanatetemeka.

Aliyeumaliza ni mzee mmoja wa gereji bubu nyuma ya Msamvu, Morogoro. Hana kompyuta. Hana hata kiti, anakalia ndoo ya rangi. Fundi wangu wa siku zote alikuwa ameshaliinua gari kwa jeki akasema hakuna kinacholegea. Mzee akaniambia nilishushe, likanyage chini kwa uzito wake wote. "Ukilining'iniza viungo vinajificha," akasema. Akaniambia niwashe injini, nichezeshe usukani kidogo tu, kushoto kulia, kama sentimita chache, nisiache mpaka aseme. Yeye akaingia uvunguni na tochi ya simu. Nikachezesha mpaka bega likauma. Huku juu nasikia, "Endelea. Endelea. Ehee! Huyu hapa."

Nikashuka, akanichungulisha. Kuna fimbo moja ndefu imelala kutoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli, inaitwa fimbo ya Panhard, kazi yake ni kuizuia ekseli isitembee kushoto wala kulia. Bushi yake upande wa chasisi ilikuwa imekwisha kabisa, mpira umebaki vumbi, na bolti ilikuwa inacheza ndani ya tundu mpaka tundu limekuwa na umbo la yai. Kila nilipogusa usukani, fimbo inasogea kwanza, ndipo gurudumu linafikiria. Bushi ile! Kitu kinachoingia kwenye kiganja cha mtoto. Na mimi nimenunua matairi.

Hakuishia hapo. Ndipo akaliinua, akashika tairi juu na chini akalitingisha, likajibu: kok, kok. Hizo zilikuwa beringi za kingipini, ya juu na ya chini, ambazo gurudumu linageukia. Zinabanwa kwa vipande vyembamba vya chuma, ukipunguza kipande zinakaza, na kukaza kwake kunapimwa kwa kuvuta na mizani ndogo ya ndoano. Nikamwambia mzee, mizani mimi ninayo, ya kupimia vitunguu. Akanitazama. "Hiyo ya kwako iache hukohuko, nasikia wakulima wanailalamikia." Vijana wote wa gereji wakacheka, na bei sikuweza tena kuomba ipungue.

Akang'oa fimbo, akatuma bushi zikagandamizwe kwa mashine, siyo kupigwa nyundo kama walivyotaka wale vijana. Tundu lililokuwa yai akalijaza kwa kulichomelea, akalitoboa upya, akaweka bolti ya saizi yake. Kisha jambo ambalo sikuwahi kuona fundi akilifanya: hakuikaza mpaka gari limekaa chini. Nikamuuliza kwa nini anajitesa kuingia uvunguni tena. Akasema mpira wa bushi ukikazwa gari likiwa linaning'inia, likishuka unabaki umejikunja siku zote, unakufa mapema. Mafundi wangapi wamenikazia bushi juu ya jeki, wakanuna niliporudi nazo zimekufa? Walikuwa wananiambia barabara zetu mbovu. Ni mbovu, lakini zilisingiziwa mengi.

Nikapanda na utingo, kijana kafunga mkanda bila kuambiwa, jambo la kwanza la aina yake. Tukatoka njia ya Iringa, sabini, themanini, rasta hizo hapo. Brrrr, zikapita. Usukani kimya. Tukarudia. Kimya. Utingo akafungua jicho moja, akauliza kama tumeshafika.

Malipo ya mzee yote, bushi, kuchomelea, beringi na kazi, hayakufika bei ya tairi moja. Nyumbani wala hawakushangaa, mke wangu alisema, "Si nilikwambia tangu mwanzo kuna kitu kinagonga upande wangu?" Na kweli alisema. Lakini kwenye gari hili kila kitu kinagonga, ningejuaje anazungumzia kipi?

Sasa hivi stoo kuna shokapu za usukani, mojawapo bado ina rangi ya dukani, na mama kasema vitoke kabla mahindi hayajaingia. Mwenye gari lenye ugonjwa asinitafute, hazitamsaidia. Mwenye gari zima aje tuongee bei.