Samaki wa sebuleni hapigiki picha!

Hivi wenzangu mnaofuga samaki, mnawapigaje picha? Gapi, yule samaki mdogo wa mapambo, anakunjua mkia wa rangi ya chungwa, mzuri kupindukia. Ukibonyeza tu, keshajificha nyuma ya jani, umeambulia ukungu! Ukiwasha flashi, kioo kinarudisha mwanga wote, doa jeupe katikati ya picha. Ukizima, giza totoro! Ukipigia upande, samaki anapindapinda. Na alama ya kidole cha mtoto kiooni? Hiyo ndiyo inatoka safi, mpaka mistari inahesabika!

Wajuzi wanasema: zima taa za chumba, gusisha lenzi kwenye kioo, spidi ya kamera 1/200 ya sekunde. Haya, picha nyeusi tii. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, chengachenga tupu. Sasa tushike lipi, tuache lipi jamani?