Bomba Refu Si Dawa ya Bolti Iliyoshika Kutu

Kwa maoni yangu, desturi ya kuchomeka bomba refu kwenye mpini wa spana huwagharimu wenye magari makuukuu fedha nyingi kuliko kutu yenyewe, hasa katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, ambako upepo wa chumvi hula kila chuma kilicho wazi. Bolti ya milimita 8 ya daraja la uimara la 8.8 kwa kawaida hukazwa kwa takriban nyutoni mita 25, kipimo cha nguvu ya kusokota. Fundi anayeegemeza uzito wa kilo 30 tu kwenye ncha ya bomba la mita moja anaisokota kwa karibu nyutoni mita 300, nguvu ambayo bolti hiyo haiihimili hata ikiwa mpya. Ikikatikia ndani ya injini, kazi ya nusu saa hugeuka kuwa kazi ya kutoboa kisiki kwa drili na kukata hesi (mikato ya mzunguko ambamo bolti hujisokota) upya, na anayelipa ni mwenye gari.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hujishindilia katikati ya hesi za nati na za bolti. Ni lazima ivunjwevunjwe kwanza. Hesi zilizo nje zisuguliwe kwa brashi ya waya, mafuta ya kupenya yatiwe jioni na kurudiwa asubuhi, kisha kichwa kigongwe kwa nyundo, mapigo mafupi, ili mtikisiko uyafungulie mafuta njia. Spana ya boksi iwe ya pembe sita, kwa kuwa ile ya pembe 12 hushika karibu na kona tu na kukichubua kichwa kilichokwisha kuliwa. Mimi huanza kwa kukaza kidogo ndipo nilegeze, na bolti ikianza kulia hailegezwi kwa nguvu: naikaza tena robo mzunguko, naongeza mafuta, nasonga mbele kidogo.

Moto wa gesi nao unafaa, mradi uelekezwe kwenye nati, ambayo ikitanuka huiachia bolti. Usiusogeze karibu na tangi la mafuta, mipira ya breki wala shokapu, ambayo imezibwa ikiwa na mafuta ndani, mara nyingi na gesi pia, na huweza kulipuka.

Panaponisikitisha zaidi ni kwenye bolti ndefu inayoshika mkono wa chini wa gurudumu la mbele. Nati yake hutoka bila shida, lakini bolti haisogei, kwa sababu haikushika kwenye hesi bali ndani ya mrija wa chuma ulio katikati ya bushi, yaani kile kipande cha raba kinachouunganisha mkono huo na chasisi. Ukiitazama kwa karibu inapozungushwa, utaona kichwa kinakwenda kidogo na kurudi chenyewe: ni raba ya bushi inayosokoteka, na mrija unazunguka pamoja na bolti. Hapo nyundo kubwa hutanua ncha ya bolti na kupinda mabano ya chasisi, hasara isiyokuwapo gari lilipoingia gereji. Kama bushi zinabadilishwa, na kwa kawaida ndiyo sababu ya kazi hiyo, ni afadhali kuikata bolti kwa msumeno pande zote mbili, kati ya bushi na mabano, na kununua mpya ya daraja lilelile.

Haya yote yanahitaji muda, na nadhani wenye magari tunapaswa kuulipia. Haifai kumletea fundi gari la miaka 20 saa nne asubuhi, kumtaka alimalize kabla ya adhuhuri, kisha kumlaumu bolti inapokatika. Gari lilale gereji, na gharama ya usiku huo isemwe wazi tangu mwanzo.

Wakati wa kurudisha bolti hiyo, grisi ipakwe kwenye shina linaloingia ndani ya mrija, lakini hesi ziachwe kavu isipokuwa mtengenezaji ameagiza vinginevyo, kwa sababu hesi zenye grisi hukazwa kupita kiasi kwa kipimo kilekile cha kukazia. Bolti ya bushi ikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ikikazwa gari likiwa juu ya jeki, raba hubaki imesokotwa muda wote wa safari na kupasuka mapema.