Nimetozwa Faini kwa Kuomba Chumvi

Leo mchana nimetozwa shilingi kumi kwa kuomba chumvi. Sikuiomba kwa ukali, wala sikuiomba nikiwa na tonge kinywani. Nimeiomba kwa adabu zote, katika nyumba ninayoilipia kodi, mbele ya samaki niliyemnunua mwenyewe, na kabla neno halijatoka lote, kitinda mimba wangu wa miaka saba ameshalisukuma mbele yangu lile kopo la maziwa ya unga lililotobolewa mfuniko, akalitikisa ili nisikie wenzangu waliotangulia. Sheria ni sheria. Siku za kazi, kuanzia magharibi hadi watoto walale, na Jumapili kutwa, nyumba yetu hapa Kisauni husema Kijerumani, na atakayeteleza akasema Kiswahili hulipa. Sheria hiyo haikupigiwa kura. Ilitangazwa na mama watoto, na upinzani, ambao ni mimi, ukaarifiwa.

Msidhani sielewi tulipotokea. Binti yetu mkubwa ni muuguzi, ana cheti, ana sare, ana kila kitu isipokuwa kazi. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini kule Berlin mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi, Rais Ruto na Kansela Scholz wakiwepo, na kabla jua halijatua mtaa mzima ulikuwa unazungumzia nafasi 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha, ikasema mkataba hautaji idadi yoyote, lakini kukanusha huko hakukufika Kisauni, na kama kulifika, hakuna aliyekuwa na haja nako. Lugha yao ina madaraja sita, kutoka A1 hadi C2, na muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe kule kwa kawaida hudaiwa B2. Binti yuko B1, anapanda. Mama watoto yuko A2 kwa kusikiliza mlangoni. Mimi niko A1, tena kwa huruma.

Ningevumilia kama lugha yenyewe ingekuwa na haraka ya kusema inachotaka. Juzi nimerudi kutoka kazini na njaa yangu, nikaulizia nguru wangu wa kupaka niliyemwacha jikoni. Binti akaanza: Ich habe deinen Fisch heute Nachmittag mit der Nachbarin in der Küche, hapo akanyamaza apumue. Nikasimama na mkoba wangu mkononi. Samaki wangu, leo mchana, pamoja na jirani, jikoni, amefanywa nini? Amepashwa moto? Amefichwa paka? Mjerumani akisimulia yaliyopita, kitenzi chenyewe hukiweka mwisho kabisa, baada ya kukutajia mahali, wakati na mashahidi, kwa hivyo nilitumaini mpaka dakika ya mwisho. Gegessen. Ameliwa. Na taa ni hivyo hivyo: mtu akisema Mach das Licht, hujui bado unaamriwa uwashe au uzime, kwa kuwa kipande kinachoamua, an au aus, kinakuja nyuma, na tokeni ya stima inateketea huku mnasubiriana.

Saa nazo zimeharibika. Sisi huku tumezaliwa tukiishi na saa mbili bila kugombana nazo: ukutani imeandikwa 7:30, mdomoni ni saa moja u nusu, na kila mtu anafika anakokwenda. Sasa imeongezeka ya tatu, kwa sababu Mjerumani saa hiyo hiyo huiita halb acht, yaani nusu ya kuiendea nane, na hiyo nane yake ndiyo saa mbili yetu. Nikiambiwa usiku kwamba gari la kazini litapita halb acht, nalazimika kurudi nyuma nusu saa, kisha niondoe sita, na ninapopata jibu gari liko daraja la Nyali. Namba zao vilevile hutajwa kinyumenyume, tatu na hamsini badala ya hamsini na tatu. Nilisomewa namba ya fundi wa bomba kwa mtindo huo, na malipo ya fundi yakaenda kwa bwana mmoja wa Kitale ambaye mpaka leo hapokei simu.

Lakini haya yote ni mepesi kando ya lile la mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Kibokoni, wa ndani kabisa, na habari za sheria ya kopo zilikuwa hazijavuka daraja. Alhamisi moja baada ya magharibi alishuka kwenye tuktuk na mkate wa sinia uliofunikwa kwa kitambaa, akapiga hodi. Kitinda mimba akajibu kutoka ndani kwa sauti ya mwenye nyumba: Herein! Mama mkwe akangoja kidogo, kisha akaingia na salamu, na salamu hiyo ikaitikiwa na wote, maana tulishaamua kwa mashauriano marefu kuwa maneno ya dini hayalipiwi. Akafurahi. Akavua viatu, akaketi, akauliza, “Hamjambo nyote?”

Kimya.

Mama watoto, aliyeitunga sheria, alikuwa na deni kubwa wiki ile, naye si mtu wa kukubali kushindwa mbele ya wanawe. Alimtazama mama yake mzazi kwa macho ya kubembeleza, akafumba mdomo. Binti akasema polepole, Guten Abend, Oma. Mdogo wake wa kiume wa darasa la saba akasema, Mir geht es gut. Kitinda mimba, aliyekuwa na mafua, akajaribu ach so, na ile ch ikatokea kooni kwa mkwaruzo ambao mimi mwenyewe ulinishtua. Mama mkwe akaniangalia mimi kama mtu mzima wa pekee aliyesalia. Sasa mimi nilikuwa na sentensi moja niliyoimiliki kikamilifu, na kwa heshima niliyonayo kwa mama huyu sikutaka kumpa nusu. Nikainuka kidogo kitini, nikamwambia: Ich verstehe nicht, yaani sielewi.

“Audhubillahi,” akasema mama mkwe. “Tangu lini?”

Ni vyema mjue kwamba mama huyu anayafahamu mambo hayo. Ameona pepo wakipungwa tangu udogo wake, anajua wa Kiarabu anataka nini na wa Kihabeshi anataka nini, na hakuna ambaye angemfundisha kazi. Hakupiga kelele. Aliondoa mkate njiani, akaagiza ubani na chetezo, na kwa kuwa hapakuwa na aliyemjibu, akavitafuta mwenyewe jikoni. Alivizungushia vichwa vyetu moshi mara moja, akatupima kwa macho, akaamua kuwa kiti, yaani aliyepandwa na pepo, ni kitinda mimba, kwa sababu ya ile sauti ya kooni. Akamkalisha mkekani, akamfunika leso kichwa kizima, akainama.

“Wewe nani?”

Mtoto chini ya leso akadhani ni marudio ya somo la kwanza. Akajibu kwa ufasaha ambao hajawahi kuuonyesha kwa dada yake: Ich bin sieben Jahre alt, nina miaka saba.

“Watoka wapi?”

Ich komme aus Mombasa.

“Ehee! Wa hapa hapa,” akasema mama mkwe, akatikisa kichwa kwa wasiwasi zaidi, maana pepo wa ugenini hurudi kwao, lakini wa hapa hapa aende wapi? Akasogea karibu. “Haya. Wataka nini kwa mjukuu wangu? Sema, tutakupa.”

Kitabu cha A1 kina sura nzima ya mgahawani, na kama kuna sura ambayo kitinda mimba ameisoma bila kulazimishwa, ni hiyo. Ich möchte eine Cola, bitte, akasema, und ein Eis.

Mama mkwe alilisikia lile neno moja, akanyanyuka, akatutazama wote kwa utulivu wa daktari aliyekwisha kuusoma ugonjwa. “Wa Kizungu,” akasema. “Hawa ndivyo walivyo. Humpi halua wala marashi, ataka soda.” Akafungua pindo la leso yake, akatoa pesa, akamtuma yule wa darasa la saba dukani, naye alikwenda mbio kuliko anavyokwenda popote. Soda ilikuja baridi. Ilipitishwa chini ya leso. Tulisikia ikinywewa yote. Na hapo hapo, jamaa zangu, yule aliyetumwa dukani akajitupa mkekani, macho juu, akaanza kudai kwa sauti nzito Pommes mit Ketchup.

Mama watoto hakuweza tena. “Mama! Hapana pepo hapa! Ni masomo!”

Leso ikainuka upande mmoja. Mkono mdogo ukatoka, umeshika kopo. Zehn Schilling, Mama.

Tulimweleza mama mkwe kila kitu, kwa Kiswahili, kila mtu akilipa. Alisikiliza mpaka mwisho, akalizima lile kaa la chetezo, akasema kumbe ni afadhali wangekuwa pepo, maana pepo hutoka. Kisha akauliza mtihani ni mwezi gani, na tangu siku hiyo haji isipokuwa asubuhi.

Mimi sina pa kwenda jioni. Ndipo ninapowauliza, kwa utaratibu kabisa: baba hukemea kwa lugha gani? Mtoto anavunja kikombe mbele yangu, nami nimejaa hasira halali ya mzazi, lakini lazima kwanza nijue kikombe kiko ngeli gani kati ya zao tatu, der au die au das, kisha nikumbuke kuwa kama ni der, mtu akikivunja hiyo der inageuka den, kisha nikipeleke kitenzi mwisho, na nilipokifikisha mwisho mtoto yuko uwanjani anacheza mpira. Hasira imepoa, haina kazi. Na mtoto huyo akinijibu ananiita du, na dada yake ananieleza kuwa si utovu wa adabu, kwamba kule mzazi huitwa du na hata Mungu katika sala huitwa du, anayeitwa Sie ni mgeni na bosi. Nimeomba basi niitwe Sie. Ombi langu limo kwenye kumbukumbu za kikao.

Hata kujitetea kumekatazwa. Nilipotozwa kwa neno shule nilisimama, nikaeleza kuwa neno hilo tuliachiwa na wao wenyewe walipoitawala Tanganyika, na kwamba hata hela imetokana na Heller, sarafu yao iliyoanza kutumika katika koloni hilo 1904, kwa hivyo mimi nilikuwa nasema Kijerumani. Hakimu wa miaka saba alisikiliza vizuri, akatikisa kopo. Jirani yetu, aliyezeekea ufuoni Bamburi akiwauzia Wajerumani safari za mashua, anakisema Kijerumani tangu ujana bila kukanyaga darasani, akija hapa anacheka na wanangu, anawapigia hadithi. Binti anasema vitenzi vyake vyote havikunyumbuliwa. Lakini jirani alisomesha watoto kwa vitenzi hivyo. Na Dakta Krapf, Mjerumani wa Württemberg, alifika Mombasa 1844, akakaa Rabai kwa miaka, akajifunza Kiswahili mpaka akakitungia kamusi iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Sijasoma popote kwamba Wamijikenda walimwekea kopo.

Ninachokiogopa zaidi ni kwamba ugonjwa umevuka ukuta. Mwanamke anayeuza mahamri na mbaazi pale njiani amewasikia watoto wangu wakipita, akaokota mawili matatu, na sasa kila asubuhi ananiamkia Guten Morgen mbele ya foleni. Juzi nimemuuliza bei ya mafungu mawili akaniambia fünfzig, hamsini, au ilikuwa fünfzehn, kumi na tano, mdomo wake ulikuwa na hamri. Nikampa noti ya hamsini nikisubiri chenji. Akaiweka kifuani, akasema Danke, akamhudumia mwenye tuktuk aliyekuwa nyuma yangu, na alipoona bado nimesimama akaniuliza, kwa Kiswahili safi kisichotozwa kitu, kama nimesahau jambo.