Rekodi ya PTR ni kazi ya anayeuza seva

Mama mmoja wa Arusha, mwenye kampuni ndogo ya kupeleka wageni mbugani, alinipigia simu mwezi Juni, msimu ukiwa ndio unachanganya. Tulisalimiana, kisha akaingia kwenye shida yake: "Mwanangu, nimetuma bei kwa wageni kumi na mmoja wiki hii, hakuna hata mmoja aliyejibu. Hebu niangalizie hiyo seva." Alikuwa amehamia kwenye VPS mpya (seva ya kukodi, kipande cha mashine kubwa) wiki mbili kabla, kwa muuzaji mwingine. Tovuti ilifunguka vizuri, SPF na DKIM, rekodi za kuthibitisha mtumaji wa barua, zilikuwepo. Nilipofungua logi za barua nikaona kila iliyokwenda Gmail imekataliwa kwa kosa namba 550-5.7.25. Maana yake ni kwamba anwani ya IP iliyotuma barua haina rekodi ya PTR, yaani rekodi inayotaja jina la anwani, au inayo lakini jina lililoandikwa humo halirudi kwenye anwani ileile.

Nilimwambia amwandikie aliyemuuzia seva. Jibu lilirudi siku ya pili: aiweke mwenyewe kwenye DNS (mfumo unaounganisha majina na anwani za mtandao) ya domeni yake. Akajaribu. Akafungua paneli, akaongeza rekodi ya PTR kama alivyoelekezwa, paneli ikaipokea bila kulalamika, na barua zikaendelea kukataliwa. Jibu lile ndilo linalonisukuma kuandika, kwa sababu alitumwa kazi isiyowezekana na mtu ambaye ndiye pekee aliyekuwa na njia ya kuifanya.

Mtu akinunua domeni ya .co.tz anapata mamlaka juu ya zoni ya jina lake, yaani sehemu yake ya DNS. Humo anaandika kwamba jina fulani linaelekea anwani fulani, na haombi ruhusa kwa yeyote. Lakini swali la upande wa pili, kwamba anwani hii inaitwa nani, halijibiwi kwenye zoni hiyo. Linajibiwa chini ya in-addr.arpa, ambako anwani huandikwa kinyumenyume: 203.0.113.25 inakuwa 25.113.0.203.in-addr.arpa. Utaratibu huu ni wa siku nyingi, umo kwenye RFC 1035 ya Novemba 1987, moja ya nyaraka za kanuni za intaneti. Huko wenye mamlaka ni wenye namba, si wenye majina. Kwetu Afrika namba hugawiwa na AFRINIC, iliyoko Mauritius, nayo humkabidhi zoni ya kinyume mtoa huduma aliyepewa kundi la anwani. Mtoa huduma naye humwandikia mteja rekodi, au humkabidhi sehemu yake. Mteja mwenye anwani 256 kamili hukabidhiwa zoni yake bila shida. Mwenye chache kuliko hizo anaweza kukabidhiwa kwa njia ya CNAME (rekodi inayoelekeza jina moja kwenye jina jingine) iliyoelezwa kwenye RFC 2317 ya mwaka 1998. Mwenye anwani moja, kama mama yule, anabaki kuomba.

Ni kama mpangaji wa fremu ya duka. Bango la juu ya mlango atachora apendavyo, lakini jina lililo kwenye daftari la wapangaji analiandika mwenye nyumba.

Mambo huwa magumu zaidi pale muuzaji mwenyewe ni mpangaji. Baadhi yetu tunaouza hosti hapa nyumbani tunakodi mashine Ujerumani au kwingineko Ulaya, tunazigawa, tunawauzia wateja. PTR ya mashine hizo huwekwa kwenye paneli ya kituo kinachomiliki anwani, na funguo za paneli hiyo tunazo sisi. Mteja haijui hata kama ipo. Kumwambia "iweke mwenyewe" ni kumwacha nje ya mlango ambao ufunguo wake uko mfukoni mwako.

Zamani seva nyingi zilivumilia. RFC 1912 ilishauri tangu Februari 1996 kwamba PTR na rekodi ya A (ile ya jina kwenda anwani) zilingane, lakini barua za seva zilizokosa ulinganifu mara nyingi zilipunguziwa alama tu na vichujio vya barua taka. Sasa uvumilivu umekwisha. Kuanzia Februari 2024 Google na Yahoo wanataka kila anayetuma barua kwao awe na DNS sahihi ya kwenda na ya kurudi, hata kama anatuma tano kwa siku. Ukiuza VPS leo huku ukijua mteja atatuma barua kutoka humo, halafu ukamkabidhi bila PTR, umemkabidhi kitu kisichokamilika. Ndivyo ninavyoona, na nimewaambia hivyo wenzangu wa kazi hii mara nyingi.

Wateja wa hosti ya pamoja wana wasiwasi mwingine, na mara nyingi hauna msingi. Mteja anaangalia vichwa vya barua yake, anakuta jina la seva yetu badala ya domeni yake, anadhani tumemfanyia hila. Anwani moja inaweza kubeba domeni mia mbili, na PTR inapaswa kutaja jina moja. Hakuna sharti kwamba jina hilo lilingane na domeni ya anayetuma. Kinachopimwa ni kama anwani inatoa jina, na jina hilo likiulizwa linarudisha anwani ileile. Seva ikijitambulisha kwa jina hilohilo inapoanza kuzungumza na seva nyingine, mambo yamekaa sawa. Kuijaza anwani moja rekodi za PTR za kila mteja, kama nilivyowahi kukuta, hakumsaidii yeyote na kunaweza kuwaharibia wote.

Kuna makosa mawili mengine ambayo hujificha. La kwanza ni anwani ya kurithi. Mteja anahama, IP yake inapewa mteja mpya, na PTR inabaki na jina la yule wa kwanza. Nimeshakuta barua za shule zikitoka kwenye anwani inayojitaja kuwa duka la vipuri. La pili ni IPv6, aina mpya ya anwani iliyo ndefu kuliko ile ya zamani, IPv4. Fundi anaweka PTR ya IPv4, anapima, anafurahi, na kusahau kwamba mashine ina anwani ya pili. Seva ya barua ikikuta Gmail inapokea kwa IPv6, inaweza kupita huko huko, na huko hakuna jina. Kuandika PTR ya IPv6 kunachosha, kwa kuwa zoni yake iko chini ya ip6.arpa na anwani huvunjwa tarakimu 32, kila moja na nukta yake. Lakini paneli nyingi siku hizi zinakufanyia kazi hiyo, kwa hiyo uvivu si sababu.

Ninajua hoja ya wauzaji wanaosita, na si hoja ya kupuuzwa. Ukimpa PTR kila anayenunua VPS ya bei ndogo, kesho atakuja mtu kutuma barua taka, na kundi lako zima la anwani litaingia kwenye orodha nyeusi. Hilo lilishatupata. Basi muulize mteja kabla ya kumwekea: anatuma nini, kwa nani, kiasi gani. Ukiona hapana, mwambie hapana siku ya kwanza, ili ajue atumie huduma nyingine kwa barua zake. Kinachoniuma ni ukimya, mtu analipia seva mwaka mzima bila kuambiwa kwamba barua haziwezi kutoka.

Sisi tumeweka sehemu kwenye fomu ya kuagiza VPS: jina kamili la seva, kama barua.mfano.co.tz. Mteja akilijaza, tunasubiri aweke rekodi ya A, kisha tunaandika PTR ya IPv4 na ya IPv6. Tunapima kwa dig -x, amri ya kuuliza anwani inaitwa nani, na matokeo tunayabandika kwenye barua ya kumkabidhi seva. Ni dakika kumi.

Mama wa Arusha aliwekewa PTR yake siku ya sita, baada ya mimi mwenyewe kumpigia muuzaji simu na kumsomea kosa neno kwa neno. Tulituma upya bei zote kumi na moja jioni hiyohiyo. Wanne walijibu. Wengine wawili waliandika kwamba walishalipa kwingine.