Israel Sack: aliokoa samani au alizipandisha bei?

Mwaka 1903 seremala mmoja kutoka Lithuania, Israel Sack, alifika Boston, Marekani. Miaka miwili baadaye alikuwa na duka lake la samani za kale. Matajiri wengi wa huko walikuwa wakitamani vitu vya Ulaya. Yeye akawauzia viti na makabati ya mababu zao wenyewe. Henry Ford alinunua kwake. Henry Francis du Pont, tajiri wa ukoo wa viwanda vya kemikali, naye alinunua, na nyumba yake ya Winterthur ikawa makumbusho mwaka 1951.

Wanaomsifu wana hoja nzito. Huyu alijua mbao kabla ya kujua biashara. Chomoa droo, igeuze, pitisha vidole chini yake: ubao uliopigwa randa kwa mkono una mawimbi madogo ambayo mashine haiachi. Ujuzi wa namna hiyo ulirithiwa na wanawe. Mwaka 1950 mmoja wao, Albert, alichapisha kitabu cha picha kinachopanga viti vya aina moja bega kwa bega: kizuri, kizuri zaidi, bora kabisa. Mtu wa kawaida akapata jicho la fundi.

Ila aliyepanga madaraja hayo ndiye aliyekuwa akiuza. Muuza nyama anajitengenezea mawe ya mizani! Hapo mimi huwa nasita.

Juni 1989, mnadani New York, mwana mwingine wa Sack, Harold, alimnunulia mteja meza ya kuandikia yenye kabati la vitabu kwa dola milioni 12.1. Ilikuwa ya mahogani, kazi ya mafundi wa Newport, mji wa jimbo la Rhode Island, na mwenyewe wa kwanza alikuwa Nicholas Brown, mfanyabiashara wa Providence katika jimbo hilo hilo. Ukoo wa Brown uliiuza ili kukarabati nyumba yao ya kale, kwa hiyo bei ile kubwa iliokoa jengo zima. Siwezi kuibeza. Lakini mwaka 1764 Nicholas na ndugu zake waliituma meli ya Sally Afrika Magharibi kuchukua watumwa, na zaidi ya 100 wakafa. Jicho la akina Sack lilihesabu maumbo ya kombe za baharini yaliyochongwa kwenye milango ya kabati. Fedha zilizomlipa mchongaji zilitoka wapi, halikuuliza.

Duka lilifungwa mwaka 2002. Tangu hapo bei za samani za kawaida za karne ya 18 zimeporomoka, na mwalimu mwenye akiba kidogo anaweza kwenda mnadani akarudi na kabati la droo ambalo zamani asingethubutu hata kuliulizia.