Kalamu nyekundu, neno "mwalo" na Profesa Mildred Pope

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha Kiswahili, mwanafunzi wa kidato cha pili aliandika kwenye insha yake: "Baba alikesha mwaloni akisubiri dagaa." Nikalikata neno "mwaloni" kwa kalamu nyekundu, juu yake nikaandika "bandarini", na alama moja nikapunguza. Mchana akaja ofisini na daftari mkononi.

"Shikamoo Madam. Madam, baba yangu hafanyi kazi bandarini."

Nikamjibu kwamba Kiswahili chenyewe kiko pwani, na pwani hawasemi mwalo. Akasema, "Sawa Madam," akaondoka.

Mimi nimezaliwa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye dagaa. Bandari ya Mwanza naijua, ndiko meli zinakotia nanga. Mwalo, mahali wavuvi wanaposhushia samaki, naujua zaidi: mitumbwi inaburutwa mchangani alfajiri, karabai bado zinanuka mafuta ya taa, kina mama wamekwisha kuinama wanaanika. Hakuna mtoto wa ziwani anayeweza kuchanganya sehemu hizo mbili, na mimi sikuwa nimezichanganya. Nilikuwa naogopa. Nilipokuwa binti niliomba kazi ya utangazaji katika redio moja ya Dar es Salaam. Nilisomeshwa kipande cha habari, na aliyenisikiliza akasema sauti ni nzuri ila ulimi bado uko ziwani. Nilikuwa nimesema "habali". Kisukuma hakina r, na mimi lugha ya kwanza kuinyonya ilikuwa Kisukuma. Jirani zetu wa Mara wana lao, l ikifika kinywani inageuka r, wanakukaribisha "kukura" ugari. Tunachekwa sote. Nilirudi Mwanza nimeshika azimio moja, kwamba hakuna mwanafunzi wangu atakayechekwa namna ile, na chombo nilichokuwa nacho kilikuwa kalamu nyekundu.

Aliyeninyang'anya ile kalamu ni mwanamke wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1956, profesa wa Kifaransa. Nilimkuta kwa sababu ya Mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza. Mama alikuwa akiuza dagaa pale, na wateja wake wakubwa walitoka Kongo. Walisema "niko naenda", watoto kwao ni "batoto", na bei ikiwapanda kichwani wakahamia Kifaransa. Nilitamani kuwaelewa hadi mwisho wa sentensi, kwa hiyo ukubwani nikaanza kujisomea Kifaransa, kisha historia ya Kifaransa, na humo ndimo nilimoliona jina la Mildred Pope.

Alizaliwa mwaka 1872. Alisoma Somerville, chuo cha wanawake kilichofunguliwa Oxford mwaka 1879, na alichokitaka ni Kifaransa cha kale, kile cha kabla ya vitabu kupigwa chapa. Oxford haikuwa na mtu wa kumfundisha. Basi akajifunza kwa barua. Mtaalamu mmoja, Paget Toynbee, alimwelekeza kwa posta, yeye akisoma peke yake, akiandika, akingoja majibu. Mwaka 1893 akafanya mtihani na kupata daraja la kwanza. Shahada hakupewa, kwa kuwa Oxford ya wakati huo haikumpa mwanamke shahada hata angewashinda wanaume wote darasani. Aliendelea kuishi na kufundisha hapohapo, akiwaandaa wasichana wengine kwa mitihani ambayo nao wasingepewa shahada yake. Mlango ulifunguliwa mwaka 1920, na yeye alikuwa miongoni mwa waliousukuma. Miaka 27 tangu mtihani wake! Huwa naihesabu upya nikimwona binti aliyekata tamaa kwa sababu matokeo yamechelewa mwezi.

Lakini kilichonishika zaidi ya shahada ni kitu alichochagua kukichunguza. Angeweza kuchukua Kifaransa cha Paris chenye heshima zake. Yeye akachukua Kifaransa cha Uingereza.

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy kule Ufaransa, aliivamia Uingereza akawa mfalme, na kwa karne zipatazo tatu Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, ya mahakama na ya wakubwa wa nchi ile. Kikakua huko, mbali na Paris, katikati ya watu wanaosema Kiingereza majumbani, kikashika matamshi mengine na tahajia nyingine. Ilipofika mwaka 1362 ikabidi itungwe sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, maana wananchi hawakielewi Kifaransa. Na sheria hiyo yenyewe wakaiandika kwa Kifaransa. Watu wa Paris walikicheka Kifaransa hicho. Waingereza wenyewe wakajifunza kukicheka: mshairi wao mmoja wa karne ya 14 anamsimulia mtawa aliyesema Kifaransa kizuri cha Stratford, karibu na London, kwa kuwa cha Paris hakukijua. Hata wasomi wa baadaye wakakiita Kifaransa kilichoharibika.

Nilipofika hapo nikaweka kitabu chini. Nilikuwa nasoma habari za Normandy, na masikioni nasikia "ulimi bado uko ziwani".

Pope alikwenda Paris kusoma na Gaston Paris, bingwa wa fani hiyo, na tasnifu yake ikachapishwa huko mwaka 1903. Ilihusu lugha ya Ndugu Angier, mtawa wa mwanzoni mwa karne ya 13. Angier huyu aliishi Oxford, katika nyumba ya watawa ya Mtakatifu Frideswide, mwendo wa kutembea kwa miguu kutoka Somerville. Mswada alioandika kwa mkono wake mwenyewe uko Paris. Yaani huyu mama alivuka bahari kwenda kusoma mwandiko wa jirani yake. Na hakuusoma kwa kalamu nyekundu. Kwa wachunguzi wa lugha za kale hakuna kanda ya sauti. Walichonacho ni vina na tahajia. Mwandishi akilinganisha vina vya maneno mawili ambayo Paris hayafanani, basi unajua kwamba kinywani mwake yalifanana. Akikosea herufi, kosa lile ndilo linalokuambia alivyokuwa akitamka. Mtu akilisahihisha, ushahidi umekwisha.

Utenzi mkongwe ambao Wafaransa wanajivunia kuliko nyingine zote za zama zile, ule wa shujaa Roland, nakala yake ya zamani kabisa iliyobaki iko Oxford, tena imeandikwa kwa Kifaransa hichohicho cha Uingereza kilichochekwa. Laiti angetokea mwalimu kama nilivyokuwa mimi, akainakili upya kwa Kifaransa safi na kuitupa ile ya kwanza!

Vyeo vilikuja polepole. Mwaka 1928 akawa mwanamke wa kwanza Oxford kupewa cheo kilicho chini kidogo ya uprofesa. Uprofesa wenyewe aliupata Manchester mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 62, na mwaka huohuo kikatoka kitabu chake kikubwa kinachofuata sauti moja moja kutoka Kilatini hadi Kifaransa cha leo, huku Kifaransa cha Uingereza kikipewa nafasi yake. Vizazi vya wanafunzi vimelelewa na kitabu hicho. Alistaafu mwaka 1939. Mwanafunzi wake mmoja, aliyekuja kuwa mtunzi mashuhuri wa riwaya za upelelezi, alimchora katika riwaya kama mhadhiri mwenye moyo mwema ambaye hachoki kurekebisha kitabu chake.

Sasa nirudi ziwani. Nilipoanza kuuliza, niligundua jambo lililoniumiza: wavuvi wa pwani hawasemi bandari kwa mahali pa kushushia samaki. Wana neno lao, diko. Kumbe nilimnyang'anya mtoto neno lake sahihi nikampa lisilo la pwani wala la ziwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na sina ugomvi na uamuzi huo. Nafundisha sanifu, wanafunzi wangu wanafanya mtihani wa taifa, na "habali" kwenye karatasi ya mtihani nitaisahihisha kesho na keshokutwa, kwa sababu mtahini hatamhurumia mtu. Lakini r iliyoteleza na neno lenye kazi yake ni mambo mawili tofauti, na sisi walimu wa Kanda ya Ziwa tumeyachoma pamoja. Mwalo. Furu, wale samaki wadogo. Kokoro, wavu wa kuburuta. Mabondo, vibofu vya hewa vya sangara, ambayo siku hizi bei yake inaitikisa mialo yote. Huo ndio msamiati uliotusomesha, na mtoto anafika kidato cha nne akiuonea haya.

Hata ile r nayo, ndani ya daftari la utafiti, inastahili kuandikwa kama ilivyotamkwa. Nawaomba wanafunzi wa vyuo vyetu vya hapa Mwanza wanaotafuta mada za tasnifu: mnakwenda mbali kutafuta kitu ambacho mnapishana nacho kila jioni pale Kirumba. Wanaosema Kiswahili cha mialo ya zamani, waliovua kabla sangara hajatapakaa ziwani, ni wazee sasa.

Mimi nimeanza kwa daftari la kurasa mia. Yule mwanafunzi nilimtafuta. Ni mwanaume mwenye familia, ana mtumbwi wake, na nilipomkumbusha ile insha alicheka, akasema aliisahau. Sidhani kama aliisahau. Nilimwomba radhi, kisha nikamweleza kuhusu Pope na Ndugu Angier, nikamwambia kwamba ninaandika maneno kama yanavyosemwa na sitakata hata moja. Tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nikamuuliza dagaa walioanikwa wakanyeshewa na mvua kabla hawajakauka wanaitwaje. Akanipa majina mawili, nikayaandika yote. Akasita, akasema moja ni la watu wa Ukerewe, hana hakika kama hapa Igombe lilitumika zamani.

"Ngoja nimuulize baba," akasema, akashuka kuelekea majini.